Kuwaombea Marehemu Parokiani: Nia ya Misa, Misa ya Mwaka na Rehema za Novemba

Anayefika ofisi ya parokia na kusema "naomba Misa ya marehemu mama" amesema nusu tu ya jambo. Katibu bado hajui kama anataka nia yake, yaani ombi ambalo Misa inaadhimishwa kwa ajili yake, itajwe katika Misa ya kawaida ya asubuhi, au padre aje nyumbani kuadhimisha Misa ya mwaka, au anaulizia bahasha za Novemba. Ni mambo matatu, kila moja lina utaratibu wake, na mengi huharibikia hapo hapo mlangoni. Familia imealika watu 200 kwa Jumamosi, turubai limeshafungwa, kumbe kwenye daftari la ofisi iliandikwa nia ya Misa ya saa 12:30 asubuhi kanisani. Padre hana kosa. Aliadhimisha alichoandikiwa.

Maelezo haya yanafuata desturi za parokia za Tanzania. Saa za ofisi na fomu hutofautiana jimbo na jimbo, lakini kanuni za Kanisa zilizotajwa hapa ni zile zile kila mahali.

Kuandikisha nia

Njia rahisi kuliko zote ni Misa ya siku ya juma. Misa za Jumapili zina foleni, na zaidi ya hapo paroko anawajibika kila Jumapili na sikukuu ya amri kutolea Misa moja kwa ajili ya waamini wote aliokabidhiwa (kanuni 534 ya Sheria za Kanisa). Parokia yenye padre mmoja na Misa moja ya Jumapili basi haina nafasi ya nia yako siku hiyo, hata ukiomba mwezi mzima kabla. Ukikubali Jumanne au Alhamisi asubuhi, mara nyingi unapata nafasi wiki hiyo hiyo.

Andika nia yako kwenye karatasi kabla hujafika ofisini. Kumtajia katibu kwa mdomo huku watu watano wamesimama nyuma yako ndiko kunakozaa majina yaliyokosewa. Karatasi iwe na mambo haya tu:

Nia: Kumwombea marehemu Veronika Paulo, mwaka 1 tangu kufariki.
Waombaji: Watoto wake, Jumuiya ya Mt. Rita.
Siku: Jumatano, 12 Agosti, Misa ya asubuhi.
Simu: (ya mtu mmoja, anayepokea)

Jina la ubatizo litangulie. Cheo, shahada na lakabu havihitajiki. Padre akisimama altareni na karatasi iliyoandikwa "Mzee wetu mpendwa Babu Chiku" hawezi kutaja hivyo katika sala. Andika kwa herufi kubwa ikiwa mwandiko wako ni wa haraka. Kama marehemu ni wengi, usijaze majina 23. Andika "marehemu wote wa ukoo wa" fulani, au taja wawili watatu kisha "na marehemu wote wa familia". Hiyo ni nia moja, Misa moja, sadaka moja, na hakuna aliyeachwa nje kwa sababu jina lake halikusikika kwenye spika.

Angalia pia maneno ya nia yenyewe. Watu huandika "kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu" wakimaanisha kumwombea. Shukrani ni nia nzuri, ila ukitaka aombewe, andika kumwombea.

Swali linaloulizwa kwa kunong'ona: je, ninaweza kumwombea Misa baba ambaye hakuwa Mkatoliki, au alikuwa Mwislamu? Ndiyo. Kanuni 901 inampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Namna ya kumtaja hadharani ataiamua paroko, kwa hiyo mweleze ukweli mapema. Aliyejiua naye anaombewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema wazi katika namba 2283 kwamba Kanisa huwaombea watu hao. Kwa mtoto mchanga aliyekufa akiwa amebatizwa, Kanisa halina shaka naye. Misa yake ni ya kumshukuru Mungu na kuwafariji wazazi.

Sadaka ya Misa

Kiasi hupangwa na maaskofu wa majimbo yaliyo chini ya jimbo kuu moja (kanuni 952), si na paroko wala katibu. Uliza ofisini, utaambiwa. Padre haruhusiwi kudai zaidi ya hapo, ingawa wewe ukitaka kutoa zaidi kwa hiari yako hakuna anayekuzuia. Asiye na fedha aseme hivyo bila aibu: kanuni 945 inawahimiza sana mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila kupokea chochote. Misa hainunuliwi. Kanuni 947 inataka iondolewe hata dalili ya biashara, na ndiyo sababu ofisi nzuri haisemi "bei" ya Misa.

Ukishatoa, kuna mambo unayostahili kuyajua. Kwa kila sadaka iliyopokelewa kwa nia yake, hata iwe ndogo, lazima iadhimishwe Misa yake peke yake (kanuni 948). Padre anayeadhimisha Misa mbili au tatu kwa siku hubaki na sadaka moja. Nyingine huenda kwenye kazi aliyoipanga askofu, isipokuwa siku ya Noeli (kanuni 951). Hapaswi kupokea nia nyingi kuliko anazoweza kuzitimiza ndani ya mwaka mmoja (kanuni 953). Na parokia lazima iwe na daftari maalumu linaloonyesha nia, sadaka na kwamba Misa imeshaadhimishwa (kanuni 958). Kwa hiyo ukiomba kuona kwamba nia yako imeandikwa, hujamtukana mtu.

Wanaotuma kwa simu, iwe kutoka Mbeya au Muscat, hukosea jambo moja: pesa inafika, nia haifiki. Mhasibu anaona muamala wa mtu asiyemjua, anauingiza kwenye matoleo ya kawaida. Tuma ujumbe kwanza ofisini wenye ile mistari minne ya karatasi, subiri wakujibu tarehe, ndipo utume sadaka, kisha uwapelekee namba ya muamala.

Vipi kuhusu zile Misa ambazo husomwa nia 30 kwa mpigo? Hapo pana kanuni zake. Amri iliyotolewa Roma mwaka 1991 iliruhusu Misa ya nia za pamoja kwa masharti: watoaji wote wajulishwe na wakubali, mahali na saa vitangazwe, na isizidi mara 2 kwa juma. Kanuni mpya za Baraza la Kipapa la Wakleri, zilizoanza kutumika Pasaka ya 2025, zinawaachia maaskofu wa eneo waamue kama utaratibu huo utumike, lakini sharti la kumjulisha mtoaji na kupata ridhaa yake limebaki pale pale, na padre bado anabaki na sadaka moja tu. Kanuni hizo pia zinakataza kumwahidi mtu Misa halafu kumpa kutajwa jina tu. Ofisini uliza swali fupi: "Hii ni Misa yake peke yake au ni ya pamoja?" Jibu lolote ni sawa, mradi umelijua kabla ya kutoa.

Misa ya mwaka nyumbani

Hapa ndipo penye kazi.

Anza na kalenda ya Kanisa kabla ya kalenda ya wageni. Misa yenye sala na masomo ya marehemu kwa kutimiza mwaka wa kwanza inaruhusiwa siku nyingi, hata zenye kumbukumbu ya mtakatifu. Hairuhusiwi Jumapili, siku za sherehe na sikukuu, Oktava ya Pasaka (siku nane kuanzia Jumapili ya Pasaka), Jumatano ya Majivu, wala Juma Kuu. Jumamosi asubuhi kwa kawaida haina tatizo. Jumamosi jioni tayari ni Misa ya Jumapili. Ikiwa tarehe ya kifo imeangukia Jumapili na familia inang'ang'ania siku hiyo hiyo, Misa itakuwa ya Jumapili, padre atavaa rangi ya Jumapili na masomo yatakuwa ya Jumapili. Nia bado ni ya marehemu wenu, haijapungua hata chembe. Kinachoudhi ni wanafamilia kumlaumu padre uani kwamba "hakuvaa zambarau".

Kwa mwaka wa pili, wa tano au wa kumi, ruhusa ni finyu zaidi: sala za marehemu zinawezekana siku za juma za kipindi cha kawaida zisizo na kumbukumbu ya lazima. Ndani ya Kwaresima au Majilio peleka nia, na Misa itakuwa ya siku.

Miezi miwili kabla si mapema mno. Pita kwa mwenyekiti wa jumuiya yenu ndogo ndogo ya Kikristo kwanza, ndipo uende kwa paroko. Katika parokia nyingi ofisi itataka karatasi ya utambulisho kutoka jumuiya, na ukiruka hatua hiyo utarudishwa. Familia ambayo haijaonekana jumuiyani mwaka mzima itaulizwa habari za zaka na kusali. Ni heri mzungumze hayo na mwenyekiti sebuleni kuliko yaibuke wiki ya Misa.

Kanuni 932 inataka Misa iadhimishwe mahali patakatifu, isipokuwa kama kuna haja ya pekee. Kwa hiyo Misa ya nyumbani ni ruhusa, na paroko akisema mje kanisani halafu mwende kaburini na nyumbani, hajawanyima Misa. Kwa kweli familia yenye nafasi finyu inapata utulivu zaidi kanisani.

Mkileta padre ndugu kutoka jimbo jingine, paroko aambiwe mapema, na padre huyo awe na barua ya utambulisho kutoka kwa askofu au mkuu wa shirika lake, kwa maana ya kanuni 903. Kumfanya paroko asikie habari hizo kwenye tangazo la grupu la WhatsApp ni kumkosea.

Sasa mahali penyewe. Altare ni meza imara yenye kimo cha sentimita 90 hadi 100 na urefu usiopungua mita 1.2. Meza ya kulia chakula huwa na sentimita 75 hivi; padre atainama Misa nzima. Jaribu kuisukuma kwa mkono: ikiyumba, tafuta nyingine. Iwekwe upande ambao jua la saa 4 au saa 5 halimpigi padre usoni na upepo haumjii kwa mbele. Upepo ni adui mkubwa wa Misa ya uani. Unazima mishumaa, unafunua kurasa za Misale (kitabu cha sala za Misa) na unaweza kupeperusha hostia. Mishumaa miwili ndani ya glasi, vibanio viwili vya kitabu, na turubai lililoshushwa upande mmoja vinatosha kuutuliza.

Juu ya meza: kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, msalaba, mishumaa, basi. Maua yakae chini au pembeni. Picha kubwa ya marehemu isiwekwe juu ya altare wala mbele yake. Iwe na kimeza chake kando, na kama ina taa za kumetameta, zizimwe Misa ikianza. Kimeza kingine kidogo cha vyombo kiwe upande wa watumishi wa altare.

Vyombo huja na msakristia, mtunza vyombo vya kanisa: kalisi, patena, hostia, divai, maji, vitambaa, Misale, kitabu cha masomo, maji ya baraka, chetezo na ubani. Kazi yenu ni kumwambia idadi ya watakaokomunika, si idadi ya wageni. Wageni 150 wanaweza kuwa na wakomunikaji 60 tu. Msiponena, ataleta hostia 40 na padre ataanza kuzimega. Divai msinunue dukani. Divai ya Misa lazima iwe ya zabibu tupu isiyochanganywa na kitu. Na mpeni msakristia usafiri wake mwenyewe, maana akipanda gari la kwaya atafika na kwaya.

Makaa ya chetezo yawashwe dakika 15 kabla ya kuhitajika, nje, na mtu aliyepewa kazi hiyo tu. Makaa yaliyowashwa dakika ya mwisho hutoa moshi wa kuni, wala ubani hauyeyuki.

Masomo chagueni pamoja na padre, somo la kwanza, zaburi na Injili. Yanayofaa ni mengi: Hekima 3:1-9, Isaya 25:6-9, Ayubu 19:23-27, 2 Wamakabayo 12:43-46, Warumi 6:3-9, 1 Wathesalonike 4:13-18, Zaburi 23, 27 au 130, Injili ya Yohane 6:37-40, 11:17-27 au 14:1-6. Kipindi cha Pasaka somo la kwanza halitoki Agano la Kale; chukueni Matendo 10:34-43 au Ufunuo 21:1-7. Sasa tazama kinachotokea mara kwa mara. Msomaji ni mjukuu aliyetoka mjini, ameambiwa Hekima sura ya 3. Anasimama mbele ya watu na Biblia ya shangazi yake Mlutheri, anafunua kutoka Wimbo Ulio Bora kwenda Isaya, anarudi nyuma, anaenda mbele, na kitabu cha Hekima hakimo. Hekima na Wamakabayo vimo katika Biblia ya Kikatoliki, ile yenye vitabu 73. Msomaji atumie kitabu cha masomo cha parokia, alisome somo kwa sauti angalau mara 3 nyumbani, na ukurasa uwekwe utepe kabla ya Misa. Akimaliza somo asiseme "mwisho wa kunukuu". Aseme "Neno la Bwana".

Maombi ya waamini yawe matano, kila moja sentensi moja au mbili: kwa ajili ya Kanisa, kwa marehemu huyu, kwa wafiwa, kwa marehemu wasio na wa kuwaombea, kwa waliohudhuria. Mfano: "Tumwombee Veronika, aliyezaliwa upya kwa maji ya ubatizo, apokewe katika furaha ya watakatifu. Ee Bwana." Wote hujibu: "Twakuomba utusikie." Ombi lisigeuke hotuba ya maisha yake, wala risala kwa watoto wasiopatana.

Wasifu wa marehemu una mahali pake. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 382, yanasema mahubiri ya Misa ya mazishi yasiwe sifa za marehemu, na roho hiyo hiyo inafaa Misa ya mwaka. Basi usomwe baada ya Misa kwisha, watu wakiwa wamekaa, ukurasa mmoja, dakika 5. Shukrani za kamati, michango na ratiba ya chakula zifuate hapo. Mshereheshaji asishike kipaza sauti kabla ya baraka ya mwisho.

Kaburi likiwa hapo nyumbani, kama ilivyo katika vihamba (mashamba ya nyumbani) vingi vya Kilimanjaro, maandamano huelekea kaburini mara baada ya Misa: msalaba mbele, watumishi wa altare, padre, familia, kisha watu wote. Safisheni njia na kaburi siku moja kabla, si asubuhi ya Misa mkiwa mmevaa nguo nyeupe. Kama kaburi limejengewa, saruji iwe imekauka. Marumaru zilizobandikwa jana huteleza na kuchomoka mtu akiegemea. Hakikini maandishi kabla fundi hajayachonga: jina la ubatizo, jina la ukoo, tarehe mbili. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye cheti cha ubatizo, kwa sababu kumbukumbu za wajomba hupishana hata miaka minne.

Chakula kiwe cha kadiri yenu. Fulana zenye picha hazimwombei mtu, na ikibidi kupunguza kitu kwenye bajeti, zipungue hizo kabla ya sadaka ya maskini.

Rozari ya jumuiya

Jumuiya ikija nyumbani kusali baada ya mazishi, kwa siku 3 au novena ya siku 9, rozari moja ya makumi 5 huchukua dakika 20 hadi 25, na nyimbo na somo hufikisha dakika 45. Mafumbo hufuata siku: furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, mwanga Alhamisi. Kwenye msiba wengi hupendelea uchungu au utukufu siku yoyote, na si kosa. Mwisho wa kila kumi husaliwa: "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina." Mkisali kwa wengi ni "uwape", "uwaangazie", "wapumzike", kiongozi achague moja mwanzoni, la sivyo nusu ya watu watavutana na nusu nyingine.

Mgawanyo wa makumi ufanyike kabla ya ishara ya msalaba. Matangazo ya michango yangoje mpaka sala iishe na mshumaa uzimwe.

Novemba

Siku ya Marehemu Wote, 2 Novemba, ilianzia Cluny, Ufaransa, ambako abate Odilo aliiweka kwa ajili ya monasteri zake mnamo 998. Tangu 1915, kwa ruhusa ya Papa Benedikto XV, kila padre anaweza kuadhimisha Misa 3 siku hiyo: moja kwa nia yoyote anayoitaka, ya pili kwa marehemu waamini wote, ya tatu kwa nia za Baba Mtakatifu. Maana yake, sadaka ya pekee anaweza kupokea kwa ile moja tu. Ukitaka nia yako ya pekee tarehe 2, uwe mtu wa kwanza ofisini. Ama sivyo chukua siku nyingine.

Bahasha za marehemu hugawiwa Oktoba. Majina huandikwa ndani, bahasha hukaa karibu na altare mwezi mzima, na marehemu hao huombewa kwa pamoja. Rudisha kabla ya tarehe 1. Andika majina upya kila mwaka badala ya kunakili ya mwaka jana, maana aliyefariki Machi hukosekana kwa njia hiyo.

Rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, ndiyo sehemu ambayo watu huisikia ikitangazwa na kuipita. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo bila kutamka, anaweza kupata rehema kamili kila siku kwa ajili ya roho iliyo toharani, inayotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Tarehe 2 inapatikana pia kwa kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki. Kwa siku ni moja tu, kwa hiyo tarehe 2 ukienda makaburini asubuhi na kanisani jioni hupati mbili.

Masharti ni manne: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zinatosha), na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Kitubio kimoja kinatosha kwa rehema kadhaa, na kinaweza kufanyika siku kama 20 kabla au baada. Komunyo na sala kwa nia za Papa ni moja kwa kila rehema. Ratiba inayowezekana kwa mtu mwenye kazi: ungama Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kabla foleni haijafika mlangoni, kisha kila siku ya tarehe 1 hadi 8, Misa ya asubuhi na Komunyo, Baba Yetu na Salamu Maria, na kupita makaburini kabla ya kwenda kazini au wakati wa kurudi. Siku usiyopata Komunyo, au ukikosa sharti moja, rehema inakuwa ya sehemu, si kamili. Haipotei bure.

Si lazima yawe makaburi alikozikwa ndugu yako. Mtu wa Bukoba anayeishi Dar es Salaam aende Kinondoni, asali dakika tano kati ya makaburi ya watu asiowajua, na rehema aitolee mama yake. Wengi huacha wakisema kaburi liko mbali, halafu wakifika nyumbani Desemba hudhani ndipo watapata rehema kamili. Muda wake umekwisha tarehe 8. Ziara ya siku nyingine yoyote ya mwaka ina rehema ya sehemu.

Siku ya usafi wa makaburi bebeni majembe, mafyekeo, fagio, maji na mifuko ya kukusanyia takataka. Mishumaa isimamishwe kwenye kopo lenye mchanga: nyasi kavu za Novemba kabla ya mvua hushika moto haraka. Maua ya plastiki ya mwaka jana yaondolewe yote, pamoja na nailoni zake.

Misa 30 za Gregori

Ni Misa 30 mfululizo, siku 30 bila kuruka, kwa ajili ya marehemu mmoja tu. Desturi inatokana na Papa Gregori Mkuu, aliyeagiza mmonaki Justus aombewe hivyo. Haziombwi kwa mtu aliye hai, wala kwa ukoo. Si lazima padre awe yule yule wala altare iwe ile ile, na ikitokea padre akakatizwa na sababu ya haki, kama ugonjwa, anaendelea mapema iwezekanavyo na matunda yake hayapotei.

Parokiani ni vigumu. Ndani ya siku 30 kuna Jumapili 4 au 5, na Misa ya paroko ya Jumapili imeshawekwa kwa ajili ya waamini wake. Ratiba ya mazishi nayo haina taarifa. Ndiyo maana paroko wengi hukwambia uende kwenye monasteri. Hapa nchini kuna abasia za Wabenediktini za Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa, ambako mapadre ni wengi. Andika barua yenye jina la ubatizo na la ukoo la marehemu huyo mmoja, tarehe ya kifo, na jina la mwombaji. Uliza sadaka yake, kwa kuwa ni ya Misa 30 na hupangwa kwa namna yake. Kisha omba ujulishwe tarehe ya kuanza. Usipange Misa ya kufunga nyumbani kabla hujapata tarehe hiyo kwa maandishi.